Natetemeka nikiacha pombe: tiba ya mtandaoni itanitosha?

Swali: "Daktari, habari za kazi. Mimi ni dereva wa watalii, nina miaka 38, nimepanga Sakina hapa Arusha, mke na watoto wako Kibosho. Nakunywa nusu ya chupa kubwa ya Konyagi kwa siku, na nikiwa sina safari inaweza kuisha yote. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka nizimue. Mwezi wa pili nilijaribu kuacha mwenyewe. Siku ya pili nikaanguka bafuni, jirani anasema nilikakamaa na kutoa povu. Duka la dawa wakanipa dawa ya malaria. Mwaka juzi nilikaa soba, nyumba ya kuacha ulevi, miezi mitatu, nikatoka, baada ya wiki mbili nikarudia. Sasa dada yangu aliyeko Minnesota amenitafutia tiba ya mtandaoni: siku tatu kwa wiki, saa 12 jioni hadi saa 3 usiku za kwao, wiki kumi. Yuko tayari kulipa, anasema nijiandikishe kwa anuani yake. Huu ni mwezi wa nne, mvua zinanyesha na kazi hakuna, lakini msimu unaanza mwezi wa sita. Nianze hii ya mtandaoni au nirudi soba?"

Jibu: Ndugu yangu, pole, na umefanya vizuri kueleza kila kitu bila kuficha, maana jibu limetoka kwenye sehemu ambayo pengine uliiona ndogo. Tiba ya mtandaoni inaweza kukufaa. Haiwezi kuwa ya kwanza. Kabla yake unahitaji kulazwa hospitali, kwa kawaida siku tano hadi saba, ili pombe itoke mwilini ukiwa chini ya uangalizi. Nasema hivi kwa sababu ya kile kilichotokea bafuni.

Nikueleze kinachoendelea mwilini. Pombe inatuliza ubongo. Ukinywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo nao unajirekebisha: unapunguza mwitikio wake kwa kemikali zinazotuliza na kuongeza zile zinazochangamsha, ili uweze kuamka, kusema na kuendesha gari huku pombe ikiwa kwenye damu. Ni kama gari linaloendeshwa mguu mmoja ukiwa kwenye breki na mwingine kwenye mafuta. Siku unapoacha ghafla breki inaachiwa, mafuta bado yamekanyagwa. Kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu na kukosa usingizi huanza takriban saa sita hadi nane baada ya glasi ya mwisho. Ndiyo maana kwako inakuwa asubuhi, na ndiyo maana kuzimua kunakutuliza ndani ya dakika chache. Wengi wanadhani kutetemeka huko ni hangova. Hangova haitulizwi kwa namna hiyo kila siku. Huo ni mwili unaodai pombe.

Degedege la kuacha pombe hutokea zaidi kati ya saa ya 6 na ya 48 tangu glasi ya mwisho. Wewe ulianguka siku ya pili, ukakakamaa na kutoa povu. Inalingana mno. Malaria nayo huweza kuleta degedege, na vivyo hivyo kushuka kwa sukari, kuumia kichwa au kifafa chenyewe, kwa hiyo daktari lazima avipime vyote. Lakini malaria hugunduliwa kwa tone la damu na kipimo cha dakika 15 hadi 20. Kupewa dawa dirishani bila kipimo hakujathibitisha kitu, na kumekuacha ukiamini kwamba tatizo lilikwisha.

Baada ya degedege kuna hatari nyingine ambayo huja kati ya saa ya 48 na ya 96 tangu glasi ya mwisho: mtu anachanganyikiwa, anaona wadudu au watu wasiokuwepo, anapata homa, mapigo ya moyo yanapanda. Hali hiyo inaua isipotibiwa. Na kuna jambo ambalo wanywaji wachache huambiwa: kila mara unapoacha ghafla na kurudia, awamu inayofuata huelekea kuwa kali zaidi. Aliyewahi kupata degedege mara moja yuko kwenye hatari kubwa ya kulipata tena. Mshauri aliyeko kwenye skrini, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kukupima presha, kukuchoma sindano wala kukugeuza ubavu ukianguka.

Kwa hiyo, wiki hii usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani Sakina. Najua ni ajabu kwa daktari kumwambia mtu asiache pombe leo, lakini kwako kuacha bila uangalizi ni hatari kuliko kuendelea na kiasi kile kile kwa siku chache hadi ufike hospitali. Usiongeze, wala usinunue vidonge vya kutuliza, diazepamu au vinginevyo, ukajitibu. Dawa hiyo hiyo ndiyo hutumika hospitalini, ila ikichanganywa na pombe hupunguza pumzi hadi ikasimama. Na usiendeshe gari. Mtu aliyepata degedege hapaswi kushika usukani mpaka daktari amchunguze na kumruhusu. Wewe unabeba watu sita, saba kwenye barabara ya Ngorongoro. Hili halisubiri msimu.

Sasa uende wapi? Mount Meru ni hospitali ya rufaa ya mkoa wa Arusha, Mawenzi ni ya Kilimanjaro, na KCMC ni ya rufaa ya kanda; hizi mbili za mwisho ziko Moshi. Kwa kuwa mke yuko Kibosho, kulazwa Moshi kuna faida: kuna mtu wa kukuletea chakula na kumweleza daktari jinsi unavyokuwa usiku. Nenda asubuhi, siku ya kazi, na huyo mke au ndugu. Dirishani sema hivi: "Nakunywa pombe kali kila siku, nikiacha natetemeka, na mwezi wa pili nilianguka degedege." Sentensi hiyo ndiyo itakayokufikisha panapotakiwa. Ukisema "nimekuja kwa ajili ya ushauri wa pombe" unaweza kupangiwa kurudi wiki ijayo.

Taja na kiasi. Chupa kubwa ya mililita 750 yenye kilevi asilimia 35 ina takriban gramu 207 za kilevi halisi. Nusu yake ni kama gramu 104, yaani sawa na bia tano za mililita 500 zenye asilimia 5. Yote ni bia kumi. Daktari akijua namba hizo hatakisia dozi.

Wodini utapewa dawa ya kutuliza kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, na utapimwa mapigo, presha na joto mara kwa mara. Utapewa pia thiamini, yaani vitamini B1. Wanywaji wa kila siku huishiwa nayo kwa sababu hawali vizuri na utumbo hauinyonyi ipasavyo, na ukosefu wake huharibu kumbukumbu, macho na uwezo wa kutembea. Hapa nina ombi. Watu wengi wakimwona mlevi amedhoofu hukimbilia zahanati "atundikiwe dripu." Dripu ya sukari ikitangulia kabla ya thiamini inaweza kuzidisha madhara hayo ya ubongo. Mke wako aulize bila woga: "Ameshapewa B1?"

Kabla ya kuruhusiwa, zungumza na daktari kuhusu dawa za kupunguza hamu. Naltreksoni na akamprosati ziliingizwa mwaka 2023 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya uraibu wa pombe. Si kila famasi inazo, na naltreksoni haipatani na dawa za maumivu kama tramadoli, kwa hiyo ni za kuandikiwa baada ya vipimo vya ini na figo. Kuna nyingine, disalfiramu, inayomfanya mtu augue vibaya akinywa juu yake. Kuna familia humwekea mtu dawa ya namna hiyo kwenye chai bila yeye kujua. Waambie mke na mama, mtu yeyote asijaribu hilo. Mgonjwa akinywa pombe pasipo kujua, presha inaweza kuporomoka na moyo ukashindwa.

Tuje kwenye hiyo ya mtandaoni. Alichokipata dada yako ni tiba ya kina bila kulazwa. Kwa vigezo vya madaktari wa uraibu wa Marekani, ngazi hii ni kuanzia saa 9 hadi 19 kwa wiki, na hiyo yako ya siku tatu mara saa tatu inafika 9 kamili. Ndani yake kuna vikundi, mazungumzo ya mtu na mshauri wake, mafunzo ya kutambua vichochezi, na kazi za kufanya nyumbani. Inamfaa mtu ambaye mwili wake umeshatulia, ana mahali salama pa kulala, ana angalau mtu mmoja asiyekunywa wa kumshika mkono, na hana mawazo ya kujidhuru. Ubora wake ni kwamba unajifunza ukiwa kwenye maisha yako halisi. Soba ulikaa miezi mitatu geti limefungwa, hukukutana na chupa hata mara moja, ukatoka ukakutana nazo zote kwa wiki mbili. Nadhani huko hukushindwa wewe. Mpango uliishia getini. Hakuna aliyekufuata nyumbani wiki ya kwanza na ya pili, ambazo ndizo zinazoangusha wengi.

Kwa hiyo wazo la dada ni zuri. Programu hiyo mahususi ndiyo inanipa mashaka, na nitakwambia kwa nini.

Saa 12 jioni ya Minnesota ni saa 8 usiku kwetu. Kipindi kitaisha saa 11 alfajiri. Kuanzia Novemba hadi Machi, wakirudisha saa zao nyuma, itakuwa saa 9 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mtu aliyeacha pombe juzi usingizi wake umevurugika tayari kwa wiki kadhaa, na kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayorudisha watu kwenye chupa haraka sana. Kama wana kikundi cha asubuhi, cha saa 3 asubuhi ya huko, hapa kitakuwa saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Hicho kingekufaa kuliko kingine chochote, kwa sababu ndizo saa zako za kunywa.

Kubwa zaidi ni hiyo anuani. Marekani kila jimbo hutoa leseni yake kwa washauri, na kinachoangaliwa kwa kawaida ni mahali alipo mgonjwa wakati wa kipindi. Kwa hiyo programu nyingi za Minnesota haziruhusiwi kumtibu aliyeko Arusha, na ndiyo maana dada anashauri utumie anuani yake. Anakupenda, simlaumu. Lakini fikiria umeanguka mbele ya kamera. Mshauri atapiga simu ya dharura, na gari la wagonjwa litakwenda mlangoni kwa dada yako. Tena utaanza tiba kwa kuficha jambo, wakati tiba yenyewe inasimama juu ya kusema ukweli. Mwambie aandike kwa jina lako halisi: "Mdogo wangu yuko Tanzania, je, mnaruhusiwa kumpokea?" Wakijibu hapana, waheshimu kwa hilo. Wakijibu ndiyo haraka haraka bila kuuliza hospitali iliyo karibu nawe na namba ya mtu wa kumpigia, waache.

Nairobi saa zao ni zetu, na Afrika Kusini wako nyuma yetu kwa saa moja tu. Hela ambayo dada angelipa Marekani inaweza kununua zaidi huko, au kwa mtaalamu wa saikolojia wa hapa nchini. Angalizo langu: kundi la WhatsApp lenye ujumbe wa kutia moyo kila asubuhi si tiba ya kina, hata likiitwa programu. Uliza ni saa ngapi kwa wiki, nani anaongoza na amesajiliwa na nani, wangapi kwenye kikundi (wakizidi kumi na wawili hutapata nafasi ya kusema), watapimaje kama umekunywa, na watafanya nini ukirudia. Jibu la swali la mwisho liwe "tutaongeza vipindi au tutakupeleka ngazi ya juu." Ukisikia "tunakufukuza," tafuta kwingine, maana kurudia ni sehemu ya ugonjwa huu kama presha inavyopanda kwa mwenye presha.

Piga na hesabu ya bando. Mazungumzo ya video ya kikundi hula takriban GB 1 kwa saa, hupungua ukishusha ubora wa picha. Saa 9 kwa wiki ni GB 9, wiki kumi ni GB 90. Umeme ukikatika simu iwe imejaa na pawabenki ipo. Faragha nayo: kama chumba chako kimetenganishwa na cha jirani kwa ukuta usiofika darini, kila neno litasikika uani, na utaanza kusema nusu nusu. Earphone zinaficha sauti zao, hazifichi yako. Gari lililoegeshwa ni chumba kizuri kuliko watu wanavyofikiri, mradi limezimwa.

Kazi yako ina ugumu wa pekee. Ukiwa Serengeti siku sita, kuna kambi zenye mtandao na maeneo marefu yasiyo nao. Huwezi kuhudhuria siku tatu kwa wiki katikati ya msimu. Ndiyo maana ninafurahi kwamba umeandika mwezi wa nne. Ukilazwa wiki ijayo, unabaki na wiki sita au saba kabla ya Juni kumalizia sehemu nzito. Hazitoshi kwa wiki kumi zote, kwa hiyo mwombe bosi safari za siku moja mwezi wa sita, hifadhi ya Arusha au ya Tarangire na kurudi, ikiwa daktari amesharuhusu uendeshe. Akikuongezea safari ndefu, jioni za kambini ndizo za kujiandaa: wageni wanakaribisha, wenzako wanakaa kwenye moto, na wewe hujui pa kukaa. Hilo lifanyiwe mazoezi na mshauri kabla, kwa maneno kamili utakayosema.

Ukae wapi wiki hizo? Kibosho kuna mke, na kuna mbege, pombe yetu ya ndizi. Kila msiba, kila ubatizo, kata inazunguka, na ukikataa kuna mzee ataona umemdharau. Wengi hujidanganya kwamba mbege ni chakula, haihesabiki. Kwa aliyefika ulipofika inahesabika yote. Hata hivyo mimi ningechagua Kibosho kuliko upweke wa Sakina, kwa sharti moja: mke na mzee mmoja mwenye sauti kwenye ukoo wajue ukweli kabla hujatoka wodini. Mzee akitangulia kusema "huyu kijana yuko kwenye dawa, mpeni soda," umeokolewa mikutano ishirini ya kujieleza. Kama nyumba hiyo yenyewe inapika mbege ya kuuza, basi nageuza ushauri: kaa kwingine, au soba iingie tena kwenye mjadala.

Soba siitupi. Ingekuwa chaguo langu la kwanza kama usingekuwa na mke wa kukusubiri, au kama nyumba zote mbili zingekuwa na pombe, au ukijaribu tiba ya nje na kuangukia njiani. Ila uliza kama kuna mhudumu wa afya wakati wa siku za kwanza, maana ziko nyumba zinazomwacha mtu apitie arosto, yaani mateso ya kuacha ghafla, kavu kavu, na kwako wewe hilo ni hatari ya kifo. Mahali panapofunga watu kamba au kuwapiga, usiingie.

Ikiwa hakuna programu itakayokukubali, unaweza kujikusanyia saa 9 mwenyewe: kliniki ya afya ya akili mara moja kwa wiki, mshauri nasaha mara mbili, ana kwa ana au kwa video, na saa zilizobaki mikutano ya Alcoholics Anonymous. Vikundi hivyo vilianza Marekani mwaka 1935, leo vina mikutano ya mtandaoni saa zote, na havitozi ada. Si tiba ya kitaalamu, lakini hujaza jioni ambazo zingekuwa tupu. Pale KCMC, wauguzi wa idara ya dharura waliwahi kufunzwa mazungumzo mafupi yaliyoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, kwa waliofika na majeraha, yakifuatiwa na ujumbe wa simu. Nakutajia ili ujue Moshi kuna watu wanaolielewa jambo hili. Kwako mazungumzo mafupi peke yake hayatoshi. Yanamfaa anayekunywa vibaya ila mwili bado haujafungwa.

Ukishaanza, kaa na mke wiki ya nne muangalie mambo machache kwa uwazi. Umekosa vipindi viwili au zaidi bila sababu? Umekuwa ukizima kamera? Umekunywa zaidi ya mara moja? Unalala? Mawili kati ya hayo yakiwa mabaya, ngazi ya tiba haitoshi, panda: siku tano kwa wiki, au kulazwa, au soba yenye mhudumu. Msisubiri wiki kumi ziishe.

Na bila kujali uko hatua gani, mtu akikuona umepata degedege, umechanganyikiwa, unaona yasiyokuwepo, una homa na jasho jingi, unatapika damu au kushindwa kushika hata maji, unatembea ukiyumba ilhali hujanywa, choo kimekuwa cheusi, macho yamekuwa manjano, au unafikiria kujiua, ni dharura saa hiyo hiyo. Wakati wa degedege mke akulaze ubavu, aondoe vitu vigumu karibu, asiweke kijiko wala kitambaa mdomoni, aangalie saa. Likizidi dakika tano au likirudi kabla hujapata fahamu, asisubiri liishe ndipo atafute gari.

Mpigie dada leo. Mwambie ile hela isilipwe Minnesota bado; kwanza itumike kwenye wodi, vipimo na dawa. Siku utakayoruhusiwa, muulize daktari aandike kwenye karatasi ya ruhusa tarehe ya kurudi kliniki na kama unaruhusiwa kuendesha, kisha nakala yake umtumie dada aiambatanishe kwenye barua atakayowaandikia hao wa mtandaoni, wawe wa Nairobi au wa kwingine.